Jiwe Moja, Bei Tano

Mume wangu Staf alichonga almasi maisha yake yote ya kazi, na hatukuwahi kumiliki hata moja. Watu wa mjini wakisikia hivyo hucheka wakidhani natania. Sisi wa Nijlen, kijiji cha wachongaji huku Ubelgiji, hatuoni cha kuchekesha. Mawe yalikuja nyumbani yamekunjwa kwenye vikaratasi, yakakaa siku chache kwenye banda la kazi nyuma ya jiko, kisha yakarudi Antwerp kwa wenyewe. Pete yangu ya ndoa ni dhahabu tupu, haina jiwe. Nimeivaa hivyo tangu nikiwa msichana na sina kinyongo na mtu.

Nayasema haya mapema ili asije mtu akanidhania mwanamke wa kupenda mapambo. Mimi napenda kahawa nzito, napenda baiskeli yangu, na nampenda Staf, ingawa ni mkaidi kupita kiasi. Yote yaliyotokea yalitokea kwa ajili yake.

Alipopata ugonjwa wa kutetemeka, mikono ndiyo iliyotangulia kugoma. Mtu aliyekuwa akishika kijiwe kidogo kuliko punje ya mtama na kukigeuza bila kukidondosha, sasa akawa anamwaga supu kifuani. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa tu dirishani akiangalia bustani ya jirani, ambayo haina lolote la kuangalia. Kuna wiki nzima nilimsikia akisema "ndiyo", "hapana" na "funga mlango" tu.

Siku moja nilikuwa natafuta mapishi ya sungura kwenye tableti, likajitokeza tangazo la duka la vito. Almasi ikawa inazunguka taratibu kwenye kioo. Staf akainua kichwa.

"Hebu simamisha hapo," akasema. "Mtazame huyu. Amechonga, au amemenya kiazi?"

Nilikaribia kulia kwa furaha. Tangu siku hiyo, kila baada ya kahawa ya mchana tukawa tunakaa pamoja kwenye kochi kuangalia almasi za madukani mtandaoni, kama wenzetu wanavyoangalia mpira. Mimi natelezesha kidole, yeye anatukana. Huyu kichwa kikubwa, tumbo hana. Huyu alikuwa na haraka ya kwenda kunywa bia. Huyu, ah, huyu anajua kazi, Lut, mwache kidogo azunguke tena. Daktari alimpa vidonge na ninamshukuru kwa vidonge vyake, lakini ulimi wa mume wangu ulirudishwa na wauza vito nisiowajua. Mungu awabariki, pamoja na uwongo wao ambao nitaueleza sasa hivi.

Mwezi wa Oktoba, mvua ikinyesha, nikafungua jiwe moja ambalo mimi nililiona la kawaida kabisa. Staf hakulitukana. Alininyang'anya tableti, akaiweka mezani kwa sababu mikononi ilikuwa inamchezea, akaniambia nilikuze jiwe lijae kioo, akainama mpaka pua ikakaribia kukigusa.

"Kiatu," akasema.

Nikajua mara moja. Hadithi ya jiwe lenye kiatu nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuisimulia usingizini. Zamani kidogo, miaka michache kabla hajaacha kazi, aliletewa jiwe ghafi lenye doa jeusi ndani, na doa lenyewe lilikuwa na umbo la kile kiatu cha mbao walichovaa babu zetu shambani. Mwenye jiwe alitaka litoke likiwa na uzito usiopungua sehemu saba kwa kumi za karati, kipimo cha uzito wa almasi, maana chini ya hapo bei inaporomoka hata kama umekosea kwa kiasi cha vumbi. Wachongaji wawili walikuwa wamekwisha kumwambia haiwezekani: ukitoa kiatu unapoteza uzito, ukibakiza uzito kiatu kinakodoa macho katikati. Staf alikaa nalo. Aliligeuza, akaliinamisha, akakisogeza kiatu pembeni chini ya uso mmoja mdogo, mtu asikione kwa macho matupu. Tena pale kiunoni, jiwe linapokuwa pana kuliko kwingine kote, akaacha kipande cha ngozi yake ya asili, kidogo kama ncha ya sindano, ili asipoteze uzito. Likatoka saba na ushee. Aliniambia ni jiwe pekee ambalo mkono ulimwia mzito kulirudisha.

"Nataka kuliona," akasema. "Mara moja tu, kwa lenzi yangu. Halafu basi."

"Utaliona wapi, mzee? Liko dukani."

"Najua. Nimesema tu."

Akarudi dirishani. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Tulikuwa na fedha tulizoweka kwa ajili ya jiko jipya, maana milango ya kabati zangu imechoka na mmoja umefungwa kwa kamba. Nikajiambia kamba hiyo bado ina nguvu. Sikumwambia neno.

Usiku huo hata sikulala vizuri, nikawaza: dunia nzima inaliangalia jiwe la Staf, na mtu yeyote, popote, akibonyeza kidole, limekwenda. Asubuhi nikaandika kwenye tableti namba ya cheti chake, iliyokuwa chini ya picha, ili nilinunue upesi. Likatokea. Kisha likatokea tena. Duka la New York, duka la Utrecht, la Munich, la Paris, la London. Namba ni ileile, picha ni ileile, hata kiatu kimegeukia upande uleule. Bei ndizo zilizokataa kufanana. London walitaka karibu mara mbili ya New York.

Nilipandwa na hasira hadi kahawa ikanipoa. Nikapiga simu London. Akapokea mwanamke mwenye sauti laini.

"Jiwe hili liko hapo kwenu?" nikauliza.

"Linapatikana, mama."

"Sijauliza kama linapatikana. Nimeuliza liko hapo?"

"Linapatikana ndani ya siku chache, mama, kwenye kisanduku cha ngozi."

Nikamwachia kisanduku chake. Munich waliniambia niache ujumbe, Paris hawakupokea. Utrecht akapokea kijana wa kiume ambaye, nashukuru, hakuwa amefundishwa bado kujipaka mafuta ulimini.

"Kusema kweli, mama, mimi hilo jiwe sijawahi kuliona. Sisi tunaonyesha picha tu. Mtu akinunua ndipo linaagizwa. Lenyewe liko Antwerp."

"Antwerp! Hapa nusu saa kwa treni?"

"Mimi sijui mama uko wapi," akasema, na alikuwa na haki.

Nikampigia Ketan. Ketan ni dalali wa almasi, mzaliwa wa Antwerp wa wazazi kutoka Gujarat, India, na lafudhi yake ya Kiantwerp ni nzito kuliko ya meya. Alipokuwa anaanza kazi alikuwa akija Nijlen kumletea Staf mawe ya kurekebisha, na mimi nikimpikia chapati za maziwa zisizo na yai, kwa sababu kwao mayai hawali. Chapati zile hazikuwa na ladha yoyote. Alizimaliza kila mara na kunisifu, na kwa hilo nikampenda.

"Mama Helsen! U mzima? Mzee anaendeleaje?"

"Anatukana wachongaji. Anaendelea vizuri. Ketan, nitafutie namba hii kwenye orodha yenu ninyi wafanyabiashara, uniambie mwenye jiwe ni nani."

Nikasikia akibonyezabonyeza. "Ni la Zilberman. Anshel Zilberman, mtaa wa Hoveniers, kwetu wauza almasi. Myahudi mcha Mungu, mgumu, mkweli. Mama unalitakia nini?"

Nikamwambia.

"Vaa viatu vizuri," akasema. "Lifti yao mbovu."

Ofisi ya Bwana Zilberman ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa la kaskazini, mizani, sefu na meza nyeupe. Yeye mwenyewe alikuwa na ndevu za mvi na koti refu jeusi, na macho ya mtu aliyekwisha kusikia kila kisingizio. Alinipa kiti na glasi ya chai. Ketan akasimama nyuma yangu, kama ilivyo desturi ya dalali anayeleta mnunuzi. Sikungoja kukaribishwa kusema.

"Bwana Zilberman, nieleze. Jiwe ni moja. Kwa nini linauzwa bei tano? Nani kati yenu ni mwizi?"

Ketan akakohoa. Mzee akatabasamu ndani ya ndevu.

"Bi Helsen, mwizi hayumo. Mawe matano hayapo, lipo hili moja, na liko ndani ya sefu ile. Mimi nataja bei yangu kwa wote, ileile. Karibu kila mmoja anaongeza ya kwake. London wana sakafu ya marumaru, na kila mteja anayeingia anapewa mvinyo wa mapovu. Mvinyo huo unalipiwa na jiwe. Paris wanakuruhusu urudishe ndani ya miezi miwili, hata kama sababu ni kwamba mchumba amekukimbia. Wachumba wa Paris wanakimbia sana. Na hilo linalipiwa na jiwe."

"Munich?"

"Munich hawajabadilisha bei tangu dola iliposhuka, na mawe haya huuzwa kwa dola. Wamelala tu."

"Na New York ndio waaminifu? Wao wameandika bei ndogo kuliko wote."

"New York wameandika bei bila kodi. Nunua kwao uone. Jiwe litatoka kwenye sefu hii, lipande ndege, likaguliwe kule, lipande ndege tena kurudi, na pale uwanja wa ndege wa Zaventem serikali yetu itakusubiri kwa mikono miwili. Litafika mezani kwako ghali kuliko la Paris."

Nikacheka, nilishindwa kujizuia. "Kwa hiyo la Utrecht ndilo rahisi. Rahisi kuliko kwako?"

"Kuliko kwangu kidogo, ndiyo," akasema bila aibu. "Yule kwenye jiwe anakubali hata hasara kidogo. Anakubana kwenye pete. Jiwe tupu hakuuzii, lazima uchukue na dhahabu yake, na dhahabu yake ndiyo shamba lake."

"Basi la kwako nalo niambie. Nimeona mengine yenye cheti kinachofanana na hiki neno kwa neno, na ni ya bei nafuu."

Hapo akafungua sefu, akatoa kikaratasi na kukikunjua. Lilikuwa pale. Sijui nilitegemea nini. Lilikuwa dogo, likiwaka juu ya karatasi nyeupe kama tone kwenye jani.

"Cheti hakioni kila kitu," akasema. "Kinasema lina doa. Hakisemi doa limefichwa na nani. Kuna mengine yenye cheti kama hiki ambayo doa linakutazama usoni, mengine yana ukungu kama maziwa na cheti kimenyamaza. Hili ni safi kwa macho. Na huyu aliyelichonga aliacha ngozi kidogo hapa kiunoni, ndiyo maana limebaki juu ya saba. Mwingine angeliangusha. Ukitaka kujua unalipia nini kwangu, Bi Helsen, unalipia mikono hiyo."

"Mikono hiyo naifulia mashati," nikasema. "Jina lake Gustaaf Helsen. Unataka kuniuzia kazi ya mume wangu mwenyewe?"

Bwana Zilberman alimtazama Ketan, na Ketan akaitikia kwa kichwa. Mzee akaishika lenzi, akaliangalia jiwe upya kwa muda mrefu, kana kwamba sasa ndipo ametambulishwa.

"Kwa nini hakuja mwenyewe?" akauliza.

"Hajui kama nimekuja. Anatetemeka. Sitaki atumaini halafu akose."

Nikataja bei yangu. Ilikuwa chini ya ile aliyoitaka yeye, lakini ndiyo fedha yote ya jiko, na Ketan alikuwa ameniambia si bei ya kumtukana mtu. Bwana Zilberman hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema jiwe ni la yeye na kaka yake aliye Tel Aviv, na hajibu bei yoyote bila kuilaza usiku mmoja. Basi wakafanya kama wanavyofanya siku zote mtaani kwao. Ketan alilikunja jiwe kwenye kikaratasi chake, akakitia ndani ya bahasha ndogo, akaandika juu yake bei niliyotaja, akaifunga kwa gundi na kutia sahihi juu ya mfuniko. Bahasha ikarudi kwenye sefu.

Kwenye ngazi, maana lifti kweli ilikuwa mbovu, Ketan akanieleza. "Sasa ni lako nusu. Likishafungwa hivi, haruhusiwi kulionyesha kwa mtu mwingine, wala kusikiliza bei nyingine, hata ya mfalme. Mpaka akujibu wewe kwanza."

"Akijibu hapana?"

"Akijibu hapana, anafungua bahasha, na anauza kwa amtakaye."

Nilirudi nyumbani na kupika. Staf aliniuliza nilikuwa wapi, nikasema kwa daktari wa meno. "Mbona unatabasamu?" akauliza. Nikamwambia meno yote yapo.

Asubuhi, kabla sijamaliza kumvalisha soksi, Ketan akapiga simu, nikashuka kuipokea. Nilijua mambo si mazuri kwa jinsi alivyotaja jina langu.

"Mama Helsen, pametokea jambo. Usiku kuna mtu wa Australia amelinunua jiwe lenu kwenye duka la London. Amekwisha kulipa. London wanalidai leo."

"Si limefungwa?"

"Limefungwa. Lakini Bwana Zilberman hakuliondoa kwenye orodha ya mtandao. Hakuwaza hata. Kwa watu kama yeye jiwe likifungwa limefungwa, dunia nzima inajua. Hakukumbuka kwamba mashine haijui."

Nilikaa chini kwenye ngazi, soksi ya Staf mkononi. Jambo lilikuwa wazi hata kwa mjinga. Alichotakiwa kufanya mzee yule ni kunijibu hapana, neno moja tu, halali kabisa, kisha apate bei yake kamili kutoka London.

"Anasema uje," Ketan akaendelea. "Na umlete mchongaji."

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Ni muungwana, anataka kutukatalia kwa heshima. Atamwonyesha Staf jiwe dakika moja kisha litapanda ndege. Nilitaka kukataa. Kisha nikakumbuka Staf mwenyewe aliomba nini: mara moja tu, kwa lenzi yake. Nikapanda juu.

"Vaa shati jeupe," nikamwambia. "Tunakwenda kuona kiatu."

Ndani ya treni nilimweleza yote, ya jiko na ya bahasha na ya mtu wa Australia. Alisikiliza akiwa amekalia mkono wake wa kulia ili utulie. Nilitegemea angenigombeza kwa ajili ya fedha.

"Bei tano?" akasema. "Na London wameweka ya juu kuliko wote?"

"Kuliko wote."

"Hao wanajua mawe," akasema, akaangalia nje akiwa ameridhika.

Bwana Zilberman alisimama tulipoingia. Bahasha ilikuwa mezani, imefungwa vilevile. Aliifungua mbele yetu, akakunjua karatasi, akasogeza taa. Staf akatoa lenzi yake mfukoni. Kibano kilimshinda, kikagonga meza mara tatu, na mimi nikaanza kunyanyuka kumsaidia, lakini Bwana Zilberman akaninyooshea kiganja kwamba nikae. Alilishika jiwe kwa kibano chake mwenyewe, akaegemeza kiwiko mezani na kumsogezea Staf jichoni, akaliacha hapo hewani bila kuchoka, akiligeuza kila Staf aliposema "kushoto", "sasa chini kidogo".

"Ndicho," Staf akasema. "Kiatu changu. Na ngozi ipo, hawakuigusa." Kisha: "Uso huu wa tatu ningeweza kuusugua kidogo zaidi."

"Usingeweza," akasema Bwana Zilberman. "Ungeshuka chini ya saba."

"Ningeshuka," Staf akakubali, akacheka. Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo tangu mwaka uliopita.

Akashusha lenzi na kuifuta kwa shati. "Bwana, nakushukuru. Nilitaka kuliona, na nimeliona. Wape London. Biashara ni biashara, usigombane na watu kwa ajili yetu."

Nilimpiga teke chini ya meza. Najua ni mgonjwa, nilimpiga polepole.

Bwana Zilberman alikuwa akikunja karatasi juu ya jiwe, mkunjo juu ya mkunjo.

"London wamesema nisipolituma wataondoa mawe yangu yote kwenye duka lao," akasema. "Ni wateja wakubwa. Nimewaambia jiwe limefungwa, wakaniuliza limefungwa maana yake nini. Nikaona hata kueleza ni kazi bure. Nimemtafutia yule wa Australia jiwe jingine zuri, akilipenda alichukue."

"Lakini unaweza kutujibu hapana," nikasema mimi. Sijui kwa nini nilisema. Labda nilitaka jambo liishe haraka.

"Naweza, Bi Helsen. Jana saa hii ningeweza kwa moyo safi. Ila jana jioni kaka yangu alikubali, na nililala nikiwa na ndiyo moyoni. Nikisema hapana leo, nimeisema kwa sababu ya bei ya London. Basi nitakuwa nimeisikiliza bei ya mtu mwingine bahasha yenu ikiwa bado imefungwa." Akainua mabega. "Hilo sijalifanya bado, na umri huu siwezi kuanza."

Ketan akashusha pumzi nyuma yangu. Mimi nilisimama, sikujijua, nikamnyooshea mzee yule mkono wangu wote kwa shukrani. Hakuupokea. Aliinamisha kichwa kwa adabu na mikono yake ikabaki pembeni, na nikakumbuka, nikaona aibu: wacha Mungu wa kwao hawagusi mkono wa mke wa mtu. Na katika mtaa ule biashara haijafungwa mpaka mikono ikutane.

"Mkono ninaoutaka ni huo," akasema, na kumwonyesha Staf.

Staf akautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa ukimruka juu ya paja kama kawaida yake. "Mimi?" akasema. "Mimi si mfanyabiashara, bwana. Mimi nilikuwa nayarudisha tu. Sijui hata mnasemaje."

"Husemi kitu. Lete mkono."

Akauleta. Ukawa unatetemeka hewani kati yao, na Staf akawa mwekundu mpaka masikioni, akataka kuurudisha. Bwana Zilberman aliupokea kwa mikono yake yote miwili. Hakuubana, hakuutikisa. Aliushika tu, akangoja. Nje mtu alikuwa akivuta sanduku la magurudumu kwenye mawe ya barabara, na tukalisikia hadi likafika mwisho wa mtaa. Mkono wa mume wangu ukatulia.

Ndipo mzee akasema yale maneno yao, ambayo kila mtu mtaani huyasema, Mhindi na Myahudi na Mflemi wa kwetu: "Mazal u'brakha." Bahati na baraka.

Nilisema asante. Nililisema kwa Bwana Zilberman, kwa Ketan, kwa kaka wa Tel Aviv nisiyemjua, hata kwa yule kijana wa Utrecht, nikawa nalia na kutafuta leso ambayo ilikuwa kwenye koti la Staf. Naendelea kulisema hadi leo kila ninapofungua kabati yenye kamba.

Staf hakulia. Alikuwa akikiangalia kikaratasi kilichokunjwa mbele yake mezani.

"Kwa hiyo sasa ni letu?" akauliza.

"Ni lako," akasema Bwana Zilberman.

Staf akavuta kiti karibu na taa, akaitafuta lenzi mfukoni.

"Basi naomba unishikie tena," akasema. "Mara ile ya kwanza nilikuwa naangalia jiwe la watu."